Povu la Moto, Kuni za Nani?

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Methali hii tumekaririshwa tangu shule ya msingi, na wengi wetu tunaitumia bila kuwahi kushika wembe. Lakini ifikishe Karatu asubuhi ya mwezi wa Julai, ukungu umeshuka kutoka msitu wa Ngorongoro mpaka kwenye mashamba ya kahawa ya Oldeani, mikono imekufa ganzi. Pale mtu atakuuliza: maji gani, ya moto au ya baridi? Usicheke. Ndani ya swali hilo mna historia.

Tuanze na kazi yenyewe, maana sisi vijana wa mjini tumezoea mashine ya umeme: dakika kumi kwenye kiti, spiriti inachoma, basi. Kunyoa kwa povu ni kitu kingine. Ndevu kavu ni ngumu. Zikilowekwa kwa maji ya moto kwa dakika mbili tatu zinavimba, zinalainika, na wembe unapita bila kukwaruza. Kazi ya povu la sabuni ni kuyashikilia yale maji yasikauke na kuutelezesha wembe. Tatizo ni kwamba povu, kwa sehemu kubwa, ni hewa tu. Halina akiba ya joto. Kwenye ukingo wa Kreta, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, upepo ukilipiga mara moja tu, umepakwa barafu.

Ndiyo maana wanyoaji wa zamani hawakuhangaika na povu. Walihangaika na vyombo. Brashi inalowekwa kwenye maji ya moto kabla ya kugusa sabuni. Kikombe cha povu kinakaa ndani ya beseni la maji ya moto, na brashi inarudishwa humo kila baada ya shavu moja. Katika karne ya 19 Waingereza walikuwa na kikombe maalumu chenye nafasi ya maji ya moto chini yake. Ujanja mzuri sana. Ila hakuna kikombe kinachochemsha maji yake chenyewe. Lazima mtu awashe moto.

Mtu gani? Hapo ndipo vitabu vinaponyamaza.

Tunasoma kwamba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ndugu wawili Wajerumani, Adolf na Friedrich Wilhelm Siedentopf, walikuwa na mashamba ndani ya Kreta ya Ngorongoro. Mabaki ya nyumba yao yapo mpaka leo. Tunasoma kwamba baadaye walowezi wengine walifungua mashamba ya kahawa Oldeani, na kwamba Vita vya Pili vilipoanza mwaka 1939, Wajerumani wakakamatwa na Waingereza. Majina yao yamehifadhiwa.

Ng'ambo, mambo ya ndevu yalikuwa yamekwisha badilika. Mwaka 1904 Mmarekani King Camp Gillette alipata hataza ya kifaa chake cha nyembe za kubadilisha. Jeshi la Marekani likawagawia askari wake vifaa hivyo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na wanaume wengi wakarudi nyumbani wamezoea kujinyoa wenyewe. Tanganyika nako bwana alijinyoa mwenyewe, sawa, lakini maji aliletewa. Kwenye nyumba za walowezi na kwenye mahema ya wawindaji, siku ilianza kwa chai na maji ya moto ya kunyolea. Aliyeyaleta aliitwa "boi". Mtu mzima, ana mke na watoto, ana ndevu zake mwenyewe. Boi!

Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao, miaka ya 1950, kwenye shamba moja la kahawa huko juu. Aliamka saa kumi usiku, akapasua kuni, akawasha, akachemsha, akabeba. Maji yakipoa kabla bwana hajamaliza shavu la pili, anaitwa tena. Sisi wajukuu tulimkuta mzee, na kitu kimoja kilitushangaza: alinyoa kwa maji ya baridi, hata Julai. Sabuni ya mche, wembe, kipande cha kioo, basi. Nikamwuliza siku moja, babu, kwa nini usipashe? Akanijibu, "Ya moto yalikuwa kazi."

We acha tu. Neno lile nililielewa baada ya miaka mingi.

Maana maji ya kunyolea si lazima yawe amri. Hapo hapo Ngorongoro, Wamaasai wana sherehe ya eunoto, inayowavusha morani kutoka ujana. Mama mzazi humnyoa mwanawe zile nywele ndefu alizozipaka mafuta na udongo mwekundu miaka yote. Hakuna brashi wala kikombe. Nywele hulowekwa kwa maji yaliyochanganywa na maziwa. Morani aliyekuwa haogopi simba hukaa chini, na wapo wanaolia. Na kila aliyepo anajua wembe umeshikwa na nani.

Tofauti ndiyo hiyo. Kwenye eunoto anayehudumia anaonekana. Kwenye historia ya walowezi limebaki shavu safi la bwana, na aliyepasha maji amefutika pamoja na povu.

Vijana wenzangu mnaotaka kuandika, wazee wetu wa enzi ile wanaisha. Ukikutana na mmoja, usimwulize tu Uhuru ulimkuta wapi mwaka 1961. Mwulize aliamka saa ngapi, alibeba nini, na alikuwa akiitwa nani. Andika jina lake.

Babu alipougua, mikono ikawa inatetemeka, kazi ya kumnyoa ikawa yangu. Nikawasha jiko, nikachemsha maji, nikaweka kikombe ndani ya beseni. Nilitegemea akatae. Hakusema kitu. Povu lilipomgusa shavuni alifumba macho, na shavu la pili lilipofika, nilienda kupasha maji tena bila kuitwa.