Kishikizo cha Kichocheo

Kichocheo huharakisha mmenyuko bila chenyewe kuliwa. Platinamu ikitandazwa juu ya unga wa mkaa, mkaa huo ni tegemeo lake, na neno linatosha: mkaa umelala chini, metali iko juu. Lakini kwa polima zenye fosforasi napendekeza neno jingine, kishikizo, na sababu imo katika kazi ya fosforasi yenyewe.

Chukua kichocheo cha Wilkinson, cha miaka ya 1960: atomu moja ya rodiamu, moja ya klorini, na molekuli tatu za trifenilifosfini. Kinaingiza haidrojeni kwenye alkeni katika joto la chumbani na kanieneo ya kawaida ya hewa. Ubaya wake ni kwamba kinayeyuka. Kazi ikiisha, rodiamu, metali ghali mno, inabaki imechanganyika na zao.

Mwaka 1971 Robert Grubbs na mwenzake Kroll, wa Chuo Kikuu cha Michigan State nchini Marekani, walionyesha njia. Walichukua punje za polistairini ambazo minyororo yake imefungamanishwa kwa divinilibenzeni, za jamii ile ile ambayo Bruce Merrifield alikuwa ameitumia kuundia peptidi. Punje zilipachikwa vikundi vya klorometili. Kisha fosfidi ya lithiamu yenye fenili mbili ikaing'oa klorini, na fosforasi ikakaa mahali pake. Zilipokutanishwa na kichocheo cha Wilkinson, rodiamu ikahamia kwenye fosfini za polima. Basi kuchuja tu kunatosha: punje zinabaki, zao linapita. Tena alkeni kubwa zilimenyuka polepole kuliko ndogo, maana zilipaswa kupenya ndani ya punje iliyovimba kwa kiyeyushi.

Fosforasi ina jozi ya elektroni iliyo huru, na kwa jozi hiyo ndiyo inaishika rodiamu. Haiishiki daima. Lazima fosfini iachie ili alkeni ipate nafasi, kisha ishike tena. Ndivyo fundi cherehani anavyoshikiza kitambaa kwa pini: kinatulia mahali pake, lakini pini inatoka. Tegemeo halisemi hayo. Kushikiza kunayasema yote.

Jozi hiyo hiyo ndiyo udhaifu. Oksijeni ikiifikia, fosfini inageuka oksidi na haishiki tena, ndiyo maana punje hutengenezwa ndani ya naitrojeni au arigoni. Katika kipimo cha mwitiko wa sumaku wa viini vya fosforasi, trifenilifosfini nzima huonekana karibu na ppm −5, na oksidi yake husogea hadi kati ya ppm 25 na 30. Kilele hicho cha pili kikikua, punje zimeanza kufa.

Na kwa kuwa kinachoshikizwa huweza kuponyoka, usiridhike kwamba punje zimebaki kwenye chujio. Kichuje kimiminika cha mmenyuko kabla haujaisha, kiongezee alkeni mpya, ukirudishe kwenye haidrojeni. Mmenyuko ukiendelea bila punje, rodiamu imeshatoka.