Dansi na Heshima ya Abagusii

Tangu zamani, nyuzi nane za obokano zilipolia, Mgusii hakujitupa uwanjani. Kwanza alitazama nani yupo. Kwani sheria ya chinsoni, yaani heshima na haya, ilikataza baba na mwana, au mtu na mkwewe, kuonana katika mambo ya kuaibisha.

Miaka ya 1940 na 1950, vijana wetu wa Kisii na Nyamira waliofika Nairobi waliikuta, katika kumbi za Pumwani na Kaloleni, dansi ya mwanamume kumshika mwanamke. Hatua zilikuwa ngeni. Swali lilikuwa lile lile.

Basi tufundishapo dansi, tusianze na miguu. Viatu viwe safi, mwaliko uwe wa adabu, shukrani itolewe. Lakini kwanza macho yamtafute mzee.