Uzi: Kura, bonasi na shilingi. Mbona utabiri hutuchenga?

1/ Siasa ikipamba moto, hapa Kedowa na Kericho yote mabishano ni matatu: nani atashinda, bonasi itakuwa ngapi, shilingi itasimama wapi. Kila mtu ana uhakika. Hebu tuone historia ya juzi tu. Majina ya wanasiasa na vyama tuyaache nje.

2/ Kura ya 2022. Tafiti kadhaa za mwisho zilimweka mgombea mmoja mbele. Matokeo rasmi: mwenzake 50.49%, yeye 48.85%. Tofauti ni kama kura 233,000, nchi yenye wapiga kura milioni 22 waliosajiliwa.

3/ Je, watafiti walidanganya? Si lazima. Utafiti unauliza utampigia nani. Haujui nani ataamka alfajiri kupanga foleni. 2017 mwezi wa nane walijitokeza karibu 79%. 2022 ni karibu 65%. Pia sheria ya 2012 inakataza kutangaza tafiti siku 5 za mwisho, kwa hivyo zile tunazopigania siku ya kura zishachacha.

4/ Chai sasa. Julai 2021 KTDA iliweka bei ya chini kabisa kwa mnada wa Mombasa: dola 2.43 kwa kilo. Hesabu ilionekana rahisi: bei ikipanda, mkulima anapata zaidi.

5/ Kumbe mnunuzi naye ana akili. Kama lazima alipe 2.43, si atachukua chai ya upande wa Mlima Kenya, ambayo sokoni huhesabiwa kuwa bora? Chai yetu ya magharibi ya Bonde la Ufa ikabaki kwenye maghala, mamilioni ya kilo. 2024 bei hiyo ikaondolewa. Waliotabiri walihesabu bei, wakasahau ushindani.

6/ Shilingi. Januari 2024 dola ilipita 160. Februari serikali ikauza hati mpya ya dola bilioni 1.5 ili kulipa deni la Eurobond lililokuwa liive Juni. Hofu ikapoa, na kufikia mwisho wa mwaka dola ilikuwa karibu 129. Waliosema itafika 200 walinyamaza.

7/ Habari njema, sivyo? Kwa mafuta na mbolea, ndiyo. Lakini chai inauzwa kwa dola. Kilo ya dola 2.50 ni shilingi 400 dola ikiwa 160. Ikiwa 129, ni kama 322. Bonasi ya 2025 ilipotoka, wengi huku walipata chini ya mwaka uliotangulia, na nguvu ya shilingi ilitajwa kama sababu moja.

8/ Hili si la kubishania stejini tu. Watu wanakopa karo na ng'ombe wakitegemea bonasi ambayo mtu aliitaja jukwaani. Mtabiri akikosea hapotezi kitu. Deni linabaki kwa aliyeamini.

9/ Kwa hivyo mtu akikuahidi matokeo, muulize matatu. Umehesabu lini? Nani mwingine ana uamuzi hapa: mpiga kura aliyelala, mnunuzi, soko la dola? Na mambo yakienda kinyume, nani analipa?

10/ Akishindwa kujibu, hiyo ni kampeni. Usiende nayo kuomba mkopo.