Kuitia Majira Nyota ya Mapigo ya Nadra

Nyota za nutroni, ambazo ni mabaki ya nyota kubwa zilizokwisha kupasuka, hujizungusha kwa kasi ya ajabu. Na kazi ya kuyapokea mapigo yake ya redio na kuyalinganisha na saa sahihi hata muda wa mzunguko ujulikane, sioni iitwe nini kwa Kiswahili isipokuwa kutia majira, maana mtu wa pwani tangu zamani huitia saa yake majira, na ile mbovu husema haishiki majira.

Taabu i katika kundi lile alilolitangaza mwanaastronomia Maura McLaughlin na wenzake mwaka 2006, walipochungua upya kumbukumbu za darubini ya redio ya Parkes, Australia, wakakuta nyota 11 ambazo kila moja hutoa pigo la milisekunde 2 hadi 30, kisha ikanyamaza kwa dakika kadhaa, au hata saa tatu. Wako watakaoyaita mapigo ya ovyo, nami siwaafiki hata kidogo, kwa kuwa mzunguko wenyewe una nidhamu kamili na kilichoadimika ni sauti tu. Kwa hiyo na tuseme mapigo ya nadra.

Kwa pulsa za kawaida, yaani nyota za nutroni zitoazo mapigo mfululizo, mapigo maelfu hukusanywa yakawa sura moja; hapa kila pigo husimama peke yake. Lakini kati ya pigo na pigo lazima ipite mizunguko kamili, basi hutafutwa kigawo kikubwa cha shirika, hesabu ile ile wafundishwayo watoto shuleni. Tutwae J1819-1458, moja ya zile nyota 11, na tukadirie vimya viwili, sekunde 170.40 na 281.16: kigawo ni 8.52, na mwenye pupa ataridhika, kumbe nyota imezunguka mara 40 na mara 66, idadi zinazogawika zote kwa 2. Kikija kimya cha tatu, sekunde 183.18, yaani mizunguko 43, hiyo 8.52 yakataa, na 4.26, ambayo ndiyo kweli, yathibiti.

Kisha huondolewa athari ya mwendo wa dunia kulizunguka jua, ambao huweza kuliwahisha au kulichelewesha pigo kwa dakika nane na zaidi. Hata hivyo mapigo ya nyota hii hayaangukii mahali pamoja, bali hujipanga katika safu tatu, jambo linalodai subira ya miaka. Na ni subira hiyo iliyodhihirisha kwamba mzunguko wake wapungua kasi, na kutokana na upungufu huo ikakadiriwa nguvu ya sumaku yake, gausi zipatazo trilioni 50.