KESI YA FIZI: CHEO HAKIKUWA NGAO

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika Kivu ya Kusini nchini Kongo, ilisikilizwa kesi ambayo kila mwenye kuvaa sare hana budi kuifahamu. Tarehe 1 Januari, 2011, askari wa jeshi la serikali waliuvamia mji wa Fizi, wakapora mali, wakawapiga raia na kuwabaka wanawake. Mwenzao mmoja alikuwa ameuawa katika ugomvi, nao wakalipiza kisasi kwa watu wasio na hatia.

Kwa miaka mingi maovu ya namna hiyo yalipita bila hukumu. Mahakama zilikuwa mbali, barabara mbovu, na mara nyingi mtuhumiwa ndiye huyo huyo mwenye bunduki. Mwaka 2006 Kongo ilitunga sheria kali zaidi: polisi apokeaye malalamiko ya ubakaji amwarifu mwendesha mashtaka katika saa 24, upelelezi wa awali usizidi mwezi 1, na hukumu itolewe katika miezi 3. Lakini sheria haimlindi mtu mpaka ipate wa kuitekeleza.

Safari hii ilitekelezwa. Mahakama ya kijeshi ilihamia Baraka, kando ya ziwa, ili iwafuate wananchi badala ya kuwangoja. Wanawake 49 walitoa ushahidi. Tarehe 21 Februari, 2011, siku 51 tu baada ya uhalifu, Luteni Kanali Kibibi Mutware, aliyekuwa kamanda wao, alihukumiwa kifungo cha miaka 20 kwa jinai dhidi ya ubinadamu. Baadhi ya maofisa na askari wake walifungwa pia.

Kwa bahati mbaya mfano huo haukufuatwa kila mahali. Novemba 2012, majeshi yaliyokuwa yakirudi nyuma kutoka Goma yalitenda uovu kama huo huko Minova. Walishtakiwa watu 39, lakini hukumu ya Mei 2014 iliwatia hatiani kwa ubakaji wawili tu. Makamanda wa juu hawakufikishwa kizimbani.

Hapo ndipo penye fundisho. Katika kesi ya Fizi upelelezi ulifanywa mapema, mashahidi walisikilizwa karibu na kwao, na lawama ilifuatiliwa mpaka kwa kamanda mwenyewe. Askari hukabidhiwa silaha ili awalinde wananchi. Anayeigeuza dhidi ya mama wa watu amekwisha kuwa jambazi, hata kama mabega yake yana nyota.