Msikiti Mkuu wa Kilwa na Kipimo cha Boriti

Murusagamba, wilayani Ngara, haina monasteri ya Zama za Kati, na Tanzania nzima haina. Wamisionari Wakatoliki wa shirika la Mapadre Weupe walifika Kashozi, huko Kagera, mwaka 1892, wakati ambapo nyumba nyingi za watawa wa Ulaya zilikuwa magofu kwa karne kadhaa. Mtu wa Ngara anayetaka kuona nyumba ya ibada ya enzi hizo iliyobaki katika nchi yake anaweza kuvuka nchi hadi Kilwa Kisiwani, mkoani Lindi. Huko umesimama Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya kaskazini ni ya karne ya 11 au ya 12. Swali linaloufuata tangu zamani ni la asili yake: je, ni jengo la wageni lililotuama katika pwani ya Afrika, au ni kazi ya wenyeji? Nashika upande wa pili, na ushahidi wangu wa kwanza ni vifaa vyenyewe.

Ukumbi wa kwanza ulikuwa mdogo, hauna ua wa ndani kama ilivyo desturi ya misikiti mikubwa ya Uarabuni na Uajemi, na dari lake bapa lilibebwa na nguzo zilizopangwa kwa karibu. Ukaribu huo una sababu yake. Dari la pwani hulala juu ya boriti za mikoko, na boriti haivuki kwa usalama zaidi ya mita tatu hivi. Kwa hiyo mkoko ndio uliokata upana wa chumba, awe mwenye nyumba sultani au mvuvi. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, nayo chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo. Pale palipotakiwa nakshi, kama kwenye mihrabu, mafundi walichonga tumbawe laini lililotolewa baharini likiwa bichi, kabla halijakauka na kuwa gumu. Maarifa kama hayo hayashuki na jahazi moja la wageni.

Pingamizi kubwa linatoka kwenye Tarehe ya Kilwa, masimulizi ya kale ya historia ya mji, inayosema mji uliasisiwa na Ali bin al-Hasan kutoka Shirazi, aliyenunua kisiwa kwa nguo. Wala si ngano tupu: uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba damu ya Kiajemi, hasa kwa upande wa baba, ilianza kuchanganyika na ya Kiafrika pwani yapata mwaka 1000. Lakini kuoa ni jambo moja, kujenga ni jingine. Uchimbaji wa mwanaakiolojia Neville Chittick ulikuta Kilwa ilikaliwa kabla ya nasaba ya Ali, na kule Shanga, kisiwani Pate nchini Kenya, mwanaakiolojia Mark Horton alifukua misikiti iliyofuatana mahali pamoja tangu karne ya 8: kwanza ya miti, kisha ya mawe. Jiwe liliingia polepole, mikononi mwa watu waliokwishakuwa wakisali hapo.

Atakayesema kuba ni za kigeni, namkubalia. Mwanzoni mwa karne ya 14, dhahabu iliyotoka bandari ya kusini ya Sofala ikiwa imeujaza mji, Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta mwaka 1331, aliupanua msikiti kuelekea kusini na kuuongezea kuba kubwa. Huyu ndiye mjenzi wa Husuni Kubwa, jumba la fahari ambalo halikukaliwa muda mrefu. Upanuzi wake nao ulianguka, na ukakaa hivyo kwa miaka mingi, hadi ulipojengwa upya katika karne ya 15. Safari hii nguzo za jiwe moja zilizotumika awali ziliachwa. Zikajengwa za pembe nane, kwa mawe madogo na chokaa, na juu yake vikaezekwa vikuba na matao ya mapipa. Umbo la kigeni lilibaki, ila sasa lilibebwa kwa namna ambayo fundi wa kisiwani aliimudu, na sehemu kubwa ya kinachoonekana leo ni kazi hiyo ya pili.

Wareno waliupora mji mwaka 1505, biashara ikahama, jengo likaachiwa mvua na mizizi. UNESCO iliyaingiza magofu ya Kilwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, ikayaorodhesha kuwa hatarini mwaka 2004, na kuyaondoa katika orodha hiyo mwaka 2014 baada ya kazi ya ukarabati.