Orodha ya Safari ya Amani

Orodha yangu ya safari ina vitu kumi na kimoja. Koti la mvua, buti, soksi za akiba, sweta, tochi, dawa ya mbu, chupa ya maji, daftari, kalamu, kitabu cha Habari za Wakilindi, na cha kumi na moja si kitu, ni mtu: mjomba. Vile kumi vya mwanzo nimeshavipata. Huyo wa mwisho ndiye anayenipa kazi.

Safari yenyewe si ndefu. Unapanda basi la Tanga kutoka Dar es Salaam, unashuka Muheza, unatafuta gari la kupanda mlima, na baada ya kilomita thelathini na kitu za barabara ya udongo uko Amani, Usambara Mashariki. Watu wakisikia msitu wa mvua wanafikiria Kongo au Amazoni. Kumbe tunao hapa, na kutoka Tanga siku isiyo na mawingu unauona mlima wake kwa macho. Bahari ya Hindi ndiyo inayoulisha: upepo unabeba unyevu, unagonga mlima, unapanda, unapoa, unanyesha. Amani hupata mvua ya kama milimita 2,000 kwa mwaka. Nimechagua mwezi wa saba, masika yakiwa yamekwisha na vuli bado, na hata hivyo koti la mvua limebaki namba moja.

Katika kujiandaa nikaanza kusoma, na katika kusoma nikagundua kwamba mimi si wa kwanza kuandika orodha ya kwenda huko. Kila aliyepanda milima ile alibeba vitu fulani na kuviacha vingine. Nikaona hii ni njia nzuri ya kusoma historia. Ukitaka kujua mtu alifuata nini msituni, tazama alikwenda na nini mkononi.

Tuanze na Mbega, maana Habari za Wakilindi ndicho kitabu nitakachokibeba. Aliyekiandika ni Abdallah bin Hemedi, mtu wa pwani aliyeishi na wakubwa wa Kilindi, na waliokichapa mara ya kwanza, sehemu kwa sehemu, ni wamisionari wa Magila, karibu na Muheza hiyohiyo nitakaposhukia basi. Mbega wa kitabu hiki alizaliwa Nguu akiwa kigego, yaani meno yake ya juu yalitangulia kuota, na ndugu zake wakamwona mkosi, wakamnyima urithi. Akaondoka. Alibeba nini? Mikuki, mbwa wake, na ujuzi wa kuwinda nguruwe mwitu. Hana mzigo mwingine. Akifika mahali anaua nguruwe wanaomaliza mashamba ya watu, anagawa nyama, watu wanampa chakula cha shambani. Mwisho wake ni Vuga, Usambara Magharibi, ambako aliua simba na watu wakamfanya mfalme.

Sisemi kwamba yote yalitokea hivyo. Hizi ni habari za ukoo uliotawala, na ukoo unaotawala hujisimulia vizuri. Lakini nimekisoma kitabu kile mara mbili nikitafuta kitu kimoja tu: mwandishi anauonaje msitu? Jibu ni kwamba hakai nao. Msitu kwake ni mahali nguruwe wanapotoka na mahali mtu aliyefukuzwa anapopita. Kinachomshughulisha ni watu. Na si yeye peke yake. Mtunzi mwenzake wa pwani ileile, Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, alitunga utenzi mzima juu ya Wadachi kuitwaa Mrima, na macho yake yako baharini na mijini. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, jirani na Tanga, mwaka 1909, wakati Wajerumani wamekwisha jikita Amani, lakini sijui kazi yake hata moja ambayo msitu ule ndio jambo lenyewe. Lugha yetu inasema mnyama wa mwitu, mtu wa mwituni, na katika maneno hayo tayari kuna hukumu. Mwitu ni kule ambako mambo ya watu hayajafika.

Waliouandika ule msitu kwa undani ni wengine, na walikuja na orodha ndefu.

Walter von Saint Paul-Illaire alikuwa mkuu wa wilaya ya Tanga chini ya Wajerumani. Katika milima ile aliona ua dogo la zambarau, majani yenye manyoya, linaloota penye vivuli na miamba. Akampelekea baba yake Ujerumani. Likafika kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen, Hannover, naye mwaka 1893 akalitangaza kwa jina la Saintpaulia ionantha. Leo linauzwa madirishani dunia nzima. Nimewahi kuliona dukani Dar es Salaam, ndani ya kopo la plastiki, na bei yake ilinifanya nicheke peke yangu. Wataalamu wa mimea walikuja kulihamisha mwaka 2015 na kuliingiza katika jenasi ya Streptocarpus, kwa hiyo hata jina la bwana mkubwa limeanza kupungua nguvu. Ua lenyewe halina habari.

Mwaka 1902 ndipo taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo ikaanzishwa Amani. Mkurugenzi wake wa mwanzo alikuwa Franz Stuhlmann, yule aliyesafiri na Emin Pasha kwenye maziwa makuu, na mfano waliouiga ni bustani maarufu ya Buitenzorg kule Java. Hebu fikiria orodha yao. Darubini. Vitabu vya maktaba. Karatasi za kukaushia majani. Mbegu na miche kutoka Asia, Amerika na kila penye joto: mkwinini, mpira, kahawa, karafuu, mikaratusi, mianzi. Wakajengewa hata tawi la reli, kutoka Tengeni hadi Sigi, kwa ajili ya mbao na mizigo. Nyumba ya stesheni ya Sigi bado ipo, na ndipo wageni wanapopokelewa siku hizi. Nami nitaanzia hapo.

Darubini haikupanda mlima yenyewe. Ilipanda kichwani kwa mtu. Orodha za wapagazi hatuna, maana mpagazi habebi cha kwake, na hapo historia yangu ya orodha inaanza kuchechemea. Ninachojua ni karatasi moja waliyokuwa nayo watu wa Usambara Magharibi. Mwaka 1907 walianza kupewa kadi ya kazi: mwanamume afanye kazi siku 30 kwa mzungu katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa. Kwa maana nyingine, wakati mmoja anakwenda na kitabu cha kuandikia majina ya miti, mwingine anakwenda na kadi ya kuandikiwa siku zake.

Vita ilipokuja mwaka 1914 na meli zikazuiwa, taasisi ikageuka kiwanda. Ikawa inatengeneza kwinini kwa magome ya mikwinini yake, sabuni, na vitu vingine vilivyokosekana. Waingereza wakaichukua mwaka 1916. Utafiti wa kilimo baadaye ulihamishiwa Muguga, Kenya, na hazina ya mimea iliyokaushwa ikapelekwa Nairobi. Zile nakala nyingi zilizokuwa zimetumwa Berlin ziliungua mwaka 1943, mabomu yalipoangukia hazina ya mimea ya Dahlem. Hili lilinisimamisha kidogo. Majani yaliyochumwa Usambara, yakakaushwa kwa uangalifu, yakavuka bahari ili yahifadhiwe milele, yakaishia moto wa vita isiyo yake. Na miti yaliyochumwa huenda ilikuwa bado imesimama.

Bado, mpaka miaka ya 1970 na 1980. Hapo anaingia mjomba.

Mjomba ni kaka wa mama, sasa anaishi Muheza, amepita miaka sabini. Nilijua kwamba ujana wake alikuwa fundi mbao. Sikujua kwamba kabla ya hapo alikuwa mpasuaji, msituni hukohuko. Nilimpigia simu kumwomba twende wote, nikidhani namfanyia heshima.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Eti unakwenda Amani? Kutafuta nini?"

Nikamweleza: msitu, historia, ile bustani, makala. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Yaani mimi nikalipe kiingilio nikaone visiki vyangu?" Akacheka, lakini si kicheko cha kuendelea.

Simu ya pili ndiyo aliyonieleza. Kulikuwa na mashine kubwa za kukata magogo, zilizokuja kwa msaada wa Finland, na kulikuwa na wao, wapasuaji wa mkono. Unachimba shimo au unajenga jukwaa, gogo linakaa juu, mmoja anasimama juu ya gogo, mwenzake chini, msumeno mrefu katikati. Wa juu anaongoza mstari. Wa chini anakula unga wa mbao siku nzima. Mjomba alikuwa wa chini. Orodha yake ya safari aliitaja bila kufikiri, kama mtu anayesoma: msumeno, tupa ya kunolea, shoka, kamba iliyopakwa masizi ya kupigia mstari, unga wa ugali, chumvi, dagaa, blanketi. Nimeinakili kama alivyoisema. Kwa ukoo wangu, ndiyo orodha ya kwanza ya Amani iliyoandikwa.

Alinitajia na miti: mvule, mtambara, mnyasa, msambu. Mimi majina hayo nilikuwa nimeyakuta siku mbili nyuma kwenye maandishi ya wataalamu, pembeni ya majina ya Kilatini. Msambu ni Allanblackia stuhlmannii, umebeba jina la yule mkurugenzi. Nilipomwambia, mjomba akauliza, "Huyo naye alipasua?"

Ukataji wa mashine ulikomeshwa mwishoni mwa miaka ya 1980, baada ya ukaguzi wa msitu kuonyesha hasara yake, na Finland hiyohiyo ikaja kusaidia uhifadhi. Mwaka 1997 likatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, zaidi ya hekta 8,000, ya kwanza ya aina yake nchini. Lakini msitu haukuwa ukisubiri tangazo. Wajerumani walikuwa wamepanda hapo, mwaka 1913, mti uitwao Maesopsis eminii, ambao kwao ni misitu ya upande wa Kongo, Uganda na Bukoba, na ambao jina lake ni la Emin Pasha. Miaka mingi ulikaa kimya. Magogo yalipoanguka na jua likaingia, ukapata nafasi. Hondohondo wanapenda matunda yake. Wanakula, wanaruka, wanadondosha mbegu penye uwazi. Ukajaa.

Kwa hiyo aliyeleta mti, aliyeufungulia mwanga na ndege aliyeusambaza wamefanya kazi moja bila kujuana. Na mmoja wao ni mjomba wangu. Nilisita kumwambia hili. Nikamwambia. Mbona historia ya Stuhlmann nimeisema yote, ya kwetu niifiche?

Alinyamaza, nikasikia kuku wake kwenye simu. Kisha akasema alishajua. Uwanja mmoja waliopasua, karibu na kijito, alipita miaka kumi baadaye akakuta mti ule mmoja tu, mweupe shina, umejaa kote. "Nikasema, sawa, umeziba. Lakini si wenyewe." Ndiyo maana hajarudi.

Nikajua basi, safari ya mjomba imekufa. Sikubembeleza. Nilianza kupanga nikiamini kwamba nakwenda kuona msitu usioguswa, kama wanavyosema matangazo, na sasa najua naenda kuona mahali palipoguswa na kila mtu, wa kwetu akiwemo. Sijapungukiwa hamu. Imeongezeka. Ila niliona vibaya kwenda na Habari za Wakilindi mkononi, nikasome juu ya ukoo wa mfalme chini ya miti, na ukoo wangu umebaki Muheza na kuku.

Juzi usiku akapiga yeye. Hakusalimia sana. Akasema kuna mtambara mmoja juu ya kijito kile, mnene, ambao yeye na mwenzake waliupima wakauacha. Si kwa huruma, akasisitiza, nisije nikaandika huruma. Msumeno ulikuwa mfupi. Anataka kujua kama upo. Nikamwambia nielekeze, nitautafuta, nitakupigia picha. Akasema huwezi kuelekezwa, njia yake haielezeki kwa mdomo.

Halafu akauliza, "Hayo mabuti yako ulinunua shilingi ngapi?"

Nimefuta neno "mjomba" kwenye orodha na mahali pake nimeandika: buti, jozi ya pili, namba nane.